Pampu ya Masudi Haikusita

Mwanangu Omari,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, ingawa uliitupa mlangoni kama mtu anayemwagia kuku pumba, ukaenda zako Funzi kuwaaga wajomba. Kwa hiyo tusipoteze wino kwa kujuliana hali. Hali yangu unaijua: magoti yananiuma, meno yamebaki matano, ulimi ni mzima. Huo ulimi ndio ulionifanya nitafute kalamu. Tukikaa uso kwa uso nitakutania, wewe utacheka, mamako ataleta kahawa, na kesho utapanda gari huku jambo lenyewe likiwa bado limenikwama kooni. Karatasi haicheki. Naandika hapa barazani, alasiri, na nikimaliza nitaiweka barua ndani ya daftari lako la miraba, kwenye ukurasa ule uliouchana nusu kwa hasira.

Sikuandikii habari za sweta. Mamako amekwisha kukueleza habari za sweta, za nyama ya nguruwe na za wasichana wa huko ng'ambo unakokwenda kusoma, na nimemsikia akizirudia zote mara tatu. Mimi nakuandikia habari ya boila, lile pipa kubwa la mvuke la kiwandani.

Najua. Umeisikia tangu unanyonya. Lakini jana jikoni ulimwambia mamako, ukidhani nimelala, "Mama, mimi sifai. Wiki tatu nafanya hesabu ileile na haikubali. Kama siwezi kupata jambo lililotokea mbele ya macho ya baba, nitakwenda kuwafanyia nini watu wale? Nitawaandikia siendi."

Mamako akakujibu, "Kula kwanza."

Mimi sikuwa nimelala. Tangu lini mzee akalala na samaki anakaangwa?

Basi, ukweli ni kwamba nililidharau daftari lako tangu siku ya kwanza, nawe unajua. Ulikuja likizo na maneno makubwa, ukaniambia huko uendako kuna mashine inayojaza chumba kizima, inafanya hesabu mchana kutwa bila kuomba chai, na kwamba utaifundisha kujua maji na mvuke vinavyopita pamoja ndani ya bomba moja. Nikakuuliza, "Mashine yenyewe imewahi kuungua mkono?" Ukanuna. Ukachora bomba la boila, ukalikata vipande arobaini kama muhogo wa kuchemsha, kila kipande ukakipa sanduku lake kwenye miraba. Katika kila sanduku ukaandika maji kiasi gani, mvuke kiasi gani, joto kiasi gani. Kisha ukaruhusu nusu sekunde ipite, wewe, kwa amri yako, na kila sanduku likampa jirani yake kilichozidi. Ukafuta, ukaandika upya. Nusu sekunde nyingine. Siku nzima ya Mungu umeketi na raba, na mwisho wa siku boila yako imechemka kwa muda wa mtu kupiga chafya mara mbili. Nikasema moyoni, serikali yetu imepata wataalamu.

Na siku ile ulipopata sanduku lenye maji pungufu ya hakuna! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mwanangu amegundua ukame ambao hata ng'ombe wa Kinango hawajauona. Wewe hukucheka. Ulilitazama sanduku lile, ukasema, "Baba, nimeruka mbali mno. Hatua ziwe ndogo zaidi." Ukafuta wiki nzima ya kazi, ukaanza upya kwa hatua ya robo sekunde, na maji yakarudi kuwa maji. Nilikutania tena kwa hilo. Lakini usiku sikucheka, na mbele nitakuambia kwa nini.

Ulikuja ukaniuliza swali moja tu la maana katika likizo nzima. Ulikuwa umepanga maji na mvuke vitembee kwa mwendo mmoja, bega kwa bega, kama maharusi. Nikakuambia, "Mvuke hauyasubiri maji, bwana mdogo. Unayapita katikati, unayaacha ukutani yakijikokota." Ukaruka kama mtu aliyeumwa na siafu, ukabadilisha, na hesabu ikatengenea. Siku ile nilijiona bingwa. Nilitembea mpaka dukani nikajisifu kwa watu wasiojua tofauti ya boila na birika.

Kisha ukaingiza siku ya ajali. Hapo ndipo palipoharibika, na ndipo ninapotaka unisikilize.

Ulianza na maneno yangu, kama mtoto mwenye adabu. Maneno ambayo niliwaambia wale mabwana watatu wa uchunguzi, ambayo nimewaambia watu wote wa Msambweni, na ambayo nilikulelea: kwamba pampu ya maji, iliyokuwa mikononi mwa Masudi, yule unayemwita ami, ilikuwa inasita tangu alfajiri, boila ikapungukiwa maji taratibu, bomba likapasuka. Ukaipa hesabu yako pampu inayosita. Ukaitazama. Na hesabu ikakuambia jambo ambalo hao mabwana watatu, na tai zao, hawakuliona: boila iliyokuwa ikikauka tangu alfajiri isingeweza kuwatemea wageni maji. Hata honi ya kiwanda ilipovuta mvuke na maji yakavimba kwa povu, povu lako linaishia chini, halifiki kwenye bomba la honi. Nawe tangu utoto umesikia watu wakicheka jinsi honi ilivyowatapikia wageni maji ya kutu siku ya bendera, siku hiyohiyo ya ajali. Boila kavu itatapika nini?

Ukafanya tena. Ukafanya tena. Ukaona kosa ni lako. Ukachana ukurasa.

Omari, kosa halimo katika miraba yako. Hesabu yako ni sahihi. Mimi ndiye mwongo.

Sasa keti, nikueleze ilivyokuwa.

Unakikumbuka kiwanda chetu kile cha mafuta ya nazi, kabla hakijafungwa. Mbata zikipikwa kwa mvuke, mashinikizo yakizungushwa kwa mvuke, na boila ikila vifuu na makumbi ya nazi mchana kutwa. Mimi nilikuwa mtu wa boila. Kazi yangu ilikuwa moto, koki ya maji, na kile kioo chembamba ubavuni mwa boila kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani. Masudi, mtu wa Jego, alikuwa mtu wa pampu. Alikuwa mwembamba, haongei, na alikuwa na tabia moja iliyonikera: hakukiamini kioo. Kila baada ya muda alifungua koki ndogo ya kujaribia, akasikiliza inavyotoka. Nilimwita mganga wa boila. "Mganga, leo shetani anasemaje?" Naye hujibu, "Anasema maji yapo, Saidi." Basi.

Siku tuliyopata bendera yetu, mwenye kiwanda alikuja na shati jeupe na tabasamu ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka kumi. Mtu yule mwaka uliotangulia alimfukuza karani kwa kuimba wimbo wa chama getini. Siku ile alikuwa anaupenda uhuru kuliko sisi tulioudai. Alileta wageni, alileta soda, akaja mpaka chumba cha boila akaniambia, "Saidi, bendera ikipanda, piga honi. Usiache mpaka niseme basi. Na mashine zote ziwe zinazunguka, wageni waone kazi."

Honi ya mvuke, mwanangu, inakunywa kama ngamia. Na mashine zote pamoja nayo! Nikaivuta. Watoto wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, geji ya presha ikaanza kushuka, na kioo changu kikaanza kupanda. Kikapanda, kikajaa mpaka juu. Kisha honi ikakohoa. Ikakohoa tena, ikawamwagia wale wageni mvua ya maji moto ya rangi ya chai. Shati jeupe likawa na madoadoa kama chui. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, nakiri.

Mwenye kiwanda akaja mbio. "Boila imejaa! Funga maji, pumbavu!"

Masudi alikuwa amekwisha kufungua koki yake ndogo. Akasema, na hakupaza sauti, "Usifunge, Saidi. Hii inatema, haimiminiki. Ni povu."

Sasa tazama. Wewe umetumia wiki tatu na madaftari mawili kulijua jambo hilo: kwamba presha ikishuka ghafla, maji yote ndani ya boila yanachemka kwa pamoja, yanajaa mapovu, yanavimba, na kioo kinaonyesha mengi wakati maji yanapungua. Masudi alilijua kwa sikio. Mamako analijua kwa sufuria ya wali, ambayo hupandisha povu mpaka kifuniko kikacheza, na ndani maji yanakwisha. Katika watu wote wa pwani hii ya kusini, waliokuwa hawalijui ni wawili: mwenye kiwanda, na mtu aliyepewa boila.

Nilimjibu Masudi, mbele ya watu, "Wewe mtu wa Jego, shika pampu yako. Boila inanijua mimi." Watu wakacheka. Nikafunga koki ya maji kwa madaha, kama mtu anayevua pete.

Na pampu yake ilikuwa nzima. Nataka ulisome hili mara mbili. Pampu ilikuwa inasukuma vizuri kuliko moyo wangu unavyosukuma leo. Mimi ndiye niliyeyafungia maji njia.

Lakini hilo bado ni ujinga tu, na ujinga nimeusamehe kwa watu wengi, wakiwemo walimu wako. Sikiliza kilichofuata. Honi ilipoambiwa basi, wageni waliletwa kuona chumba cha boila. Mkubwa mmoja mpya, tai imemkaba shingo, alikuwa akipeana mikono na wafanyakazi mmoja mmoja. Na mimi, mtu mzima, nikavua kofia, nikajipanga mstarini. Nilitaka mkono wangu ushikwe na mtu wa serikali yetu. Nyuma yangu niliacha tanuru limejaa vifuu, koki imefungwa, na kioo hakina mtu wa kukitazama.

Masudi aliniita. "Saidi, njoo utazame kioo."

Nikasema, "Subiri."

Akaniita tena. Nikajifanya sisikii. Mara ya tatu alikuja akanigusa bega, nikamwambia kwa meno yaliyobanwa, "Usiniaibishe mbele ya wakubwa, mchawi we!" Akarudi.

Nilishikwa mkono, Omari. Mkono laini, wa baridi, kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Mwenyewe hakunitazama hata usoni.

Niliporudi, kioo kilikuwa kitupu. Presha ilikuwa imerudi juu, mapovu yamekufa, maji yamekaa chini mahali pake pa kweli, na mahali hapo palikuwa chini ya kioo. Masudi alikuwa amekwisha kufungua mlango wa tanuru, anauvuta moto nje kwa kulabu, peke yake, jasho linamtiririka. Alikuwa anafanya kitu pekee kinachofaa kufanywa. Aliponiona nimeshika koki akapiga kelele, na ni mara ya pekee niliyowahi kumsikia akipiga kelele: "Usifungue! Tutoe moto kwanza! Saidi, usifungue!"

Nilijua hayo. Kila mtu wa boila anayajua hayo, ndilo somo la siku ya kwanza: bomba likishakuwa jekundu usilipe maji, litapasuka. Lakini wageni walikuwa bado mlangoni, na mimi nilitaka kioo kijae kabla mtu hajakiona kitupu. Hiyo tu. Nilitaka kionekane kimejaa.

Nikafungua.

Mengine umeyaona kwa macho yako, kwenye mkono wa ami yako na shingo yake. Wageni hawakupata hata tone. Mimi nilikuwa nyuma ya koki. Mvuke ulitoka kwa mlango wa tanuru, na mlangoni alikuwapo Masudi.

Mabwana watatu wa uchunguzi walikuja baada ya siku nne. Mmoja alikuwa anapima boila kwa mwavuli wake. Waliniuliza nini kilitokea. Nilikuwa nimejiandaa kusema nilifunga koki kwa amri, na wallahi maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mwenye kiwanda alikuwa ameketi pale pembeni, ananitazama, na yule wa mwavuli akanisaidia: "Labda pampu ilikuwa na hitilafu?" Aliniwekea mlango wazi kama mtu anayemfungulia mbuzi. Nikapita. Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ilikuwa inasita tangu alfajiri." Wakaandika. Walifurahi sana, ilikuwa karibu saa sita na chakula kilikuwa tayari.

Kisha wakaenda hospitali kumwuliza Masudi. Unajua aliwaambia nini? Niliambiwa na mwuguzi. Alisema, "Mimi siwezi kuongea sana. Mwulizeni Saidi, alikuwapo, atawaambia ilivyokuwa."

Wakafunga faili. Masudi akaachishwa kazi kwa uzembe, akarudi Jego na mkono usiokunjuka. Mimi nikapandishwa kuwa fundi mkuu. Na kila Idi, unakumbuka, hutuletea ng'onda, samaki wa kukausha, kwa mtu wa gari, zimefungwa kwa majani ya mkindu, pamoja na salamu zake. Umezila. Ulikuwa unazipenda. Mimi nilikuwa nasema zina chumvi nyingi, nikawapa paka.

Mamako alijua siku ileile ya uchunguzi. Nilimsimulia kwa uongo ule niliousema kwa mabwana, naye alikuwa anapika wali. Akafunua sufuria, akatazama povu, akanitazama mimi, akafunika. Hajasema neno mpaka leo. Ukioa, Omari, muogope mwanamke anayefunika sufuria hivyo.

Nilikuambia kwamba usiku wa lile sanduku lako la maji pungufu ya hakuna sikucheka. Nilikuwa nawaza hivi. Hesabu yako ilipodanganya, ilidanganya kwa fedheha, kwa kitu ambacho hata mtoto angekikataa, nawe ukaona, ukafuta. Uongo wangu ulikuwa na sura nzuri. Ulivaa tai, uliingia kwenye faili, ulipewa cheo. Miaka yote hii hakuna aliyeukataa, mpaka ulipoingia ndani ya masanduku yako arobaini, na masanduku hayo, ambayo hayamjui baba wala heshima, yakakataa. Nililiona daftari lako kuwa mchezo wa watoto wa shule. Kumbe ndicho kitu pekee kilichowahi kunibishia.

Na wewe, mjinga uliyesomeshwa, ulipoona hesabu na baba hawapatani ukaamua hesabu ndiyo iliyokosea! Nisikie ukifanya hivyo huko uendako, kwa profesa yeyote au waziri yeyote, nitakuja kwa miguu nikuchape.

Basi anza upya, na safari hii anza na haya. Boila ilikuwa imejaa sawasawa, robo tatu ya kioo, honi ilipoanza. Pampu nzima. Honi ililia dakika kumi na mbili. Mwenye kiwanda alikuwa ameshika saa yake kama anapima mbio za farasi. Dakika ya nne ilianza kutema, na hapo ndipo nilipofunga koki. Haikufunguliwa tena mpaka wageni wamekunywa soda na kushikana mikono, kama nusu saa. Mashine zote zinazunguka, tanuru limejaa. Fanya leo ukirudi kutoka Funzi, sekunde zile chache tu za kuanza kutema, hata ukikesha. Mamako atakuwashia karabai. Ninakuapia honi yako itatema.

Ikitema, sitaki unipe pole, wala sitaki unifokee. Utapata nafasi ya kunifokea kwa barua, na stempu huko nasikia ni nzuri. Nataka uninakilie ukurasa huo, kwa mwandiko wako safi, si huu wangu wa kuku. Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka barabarani. Gari lako la Likoni likiondoka, mimi nitavuka upande wa pili kungoja gari la Vanga, nishuke njia ya Jego. Nimemwambia mamako anipigie pasi kanzu. Akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia. Akaichukua kanzu, na alipofika mlangoni akasema, "Mchukulie na sukari."

Masudi hajui kusoma. Nitamsomea mwenyewe, sanduku kwa sanduku, yote arobaini, hata kama itachukua siku nzima, hata akinifukuza katikati nitasoma nikiwa uani. Lakini juu kabisa ya ukurasa niandikie wewe sentensi moja, ili iwe imeandikwa na mtu ambaye maneno yake yanaaminika: Pampu ilikuwa nzima.

Chini yake niachie nafasi. Jina la aliyefunga koki nitaliandika mwenyewe.

Babako,
Saidi